Hatua Zisizofikiriwa: Maandalizi ya Ufunguzi katika Mashindano ya Programu za Sataranji

Utangulizi

Tumchukulie mwanafunzi wa Salamabila, mji wa wachimba dhahabu ulio kusini mwa jimbo la Maniema, upande wa Kabambare. Ana simu ya mkononi, na ndani ya simu hiyo mna programu ya sataranji aliyopewa na rafiki kwa kadi ya kumbukumbu. Kila aanzapo mchezo huona jambo moja linalomshangaza. Hatua kumi za mwanzo programu huzicheza papo hapo, bila kusita hata kidogo. Kisha, kwenye hatua ya kumi na moja au ya kumi na mbili, hunyamaza ghafla, hukaa nusu dakika nzima, ndipo icheze. Mwanafunzi huyo akidhani kwamba amecheza vizuri hata ameitia mashine wasiwasi, atakuwa amekosea, ingawa si kosa kubwa. Kilichotokea ni kwamba kitabu kimekwisha.

Makala haya yanakusudia kueleza kitabu hicho ni kitu gani, kinaathiri vipi matokeo ya mashindano baina ya programu, na kwa nini watu waliotaka kujua ni programu ipi inayofikiri vizuri kuliko nyingine walilazimika hatimaye kuzinyang'anya zote vitabu vyao. Hoja yetu ni kwamba ushindi uliopatikana kwa kitabu ni ushahidi juu ya yule aliyekiandika, na kwamba kuuhesabu kuwa ushahidi juu ya uwezo wa programu ni kosa la kipimo. Jambo hilo laweza kuonekana liko mbali na taaluma za Kiswahili. Haliko mbali, kwa sababu sisi tunao mchezo wetu wa ubao ambao sasa umeingia katika kompyuta, nao ni bao. Na yanayosemwa hapa juu ya sataranji yatatuuliza maswali tutakapofika huko.

Juu ya istilahi

Neno sataranji ni la kale katika lugha yetu. Limetufikia kwa njia ya Kiarabu, nacho kililipokea kutoka Kiajemi, na asili yake ni Kisanskriti, chaturanga, yaani jeshi lenye viungo vinne: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Magazeti ya Tanzania na Kenya siku hizi yanapenda zaidi kusema chesi. Upande wa Kongo, ambako shule zilifundisha kwa Kifaransa, wachezaji hutumia maneno ya lugha hiyo, kama vile mchezo uitwao drafti Dar es Salaam unavyoitwa dame kule Bukavu na Kisangani. Kwa hatua za mwanzo za mchezo, zile zilizokwisha kuchunguzwa na kupewa majina, hatuna neno lililokubaliwa na wote. Hapa tutasema ufunguzi; na orodha ya hatua hizo iliyohifadhiwa katika programu tutaiita kitabu cha ufunguzi, au kitabu tu. Mpangilio wowote wa kete ubaoni kwa wakati fulani tutauita hali ya ubao. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusiazime namua kutoka bao. Jibu litatolewa mbele.

Kitabu kinavyofanya kazi

Programu ya sataranji ina kazi mbili kuu. Ya kwanza ni kutafuta: kuzipitia hatua zinazowezekana, majibu ya mpinzani, majibu ya majibu hayo, na kuendelea hivyo kwa kina kadiri muda unavyoruhusu. Ya pili ni kutathmini, yaani kuipa kila hali ya ubao iliyofikiwa namba inayoonyesha nani yuko mbele na kwa kiasi gani. Kazi zote mbili ni ngumu zaidi mwanzoni mwa mchezo. Kete zote ziko ubaoni, njia ni nyingi, na matokeo ya hatua moja huenda yasionekane mpaka hatua ishirini baadaye, mbali kuliko programu za miaka ya 1980 na 1990 zilivyoweza kufika. Binadamu alikwisha kulichunguza eneo hilo kwa karne kadhaa na kuliandikia ensaiklopidia. Basi watengenezaji waliona hakuna haja ya kuiacha mashine ihangaike na jambo ambalo jibu lake limo maktabani. Ken Thompson wa Bell Laboratories, ambaye pamoja na Joe Condon alitengeneza mashine iitwayo Belle, bingwa wa dunia wa kompyuta huko Linz mwaka 1980, alikaa akipiga chapa kwa mkono mistari ya ensaiklopidia ya ufunguzi na kuiingiza humo.

Kitabu cha namna hii hakihifadhi michezo kama tunavyoisoma gazetini, hatua baada ya hatua. Kinahifadhi hali za ubao. Kila hali hupewa namba ya utambulisho, kwa mbinu aliyoieleza Albert Zobrist mwaka 1970, na mbele ya namba hiyo huandikwa hatua zinazofaa kuchezwa. Faida yake ni kwamba wachezaji wakifika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, kama inavyotokea mara nyingi katika sataranji, kitabu kinapatambua mahali hapo bila kujali njia. Katika muundo mmoja ulioenea sana, ule wa Polyglot uliobuniwa na Fabien Letouzey, kila ingizo huchukua baiti 16 tu: 8 za utambulisho wa hali, 2 za hatua, 2 za uzito wa hatua hiyo, na 4 zilizotengwa kwa ajili ya kujifunza. Maana yake maingizo milioni moja hayazidi megabaiti 16, mzigo mdogo hata kwa simu ya bei rahisi. Mwanafunzi wetu wa Salamabila, mtandao uwepo au usiwepo, anaweza kuwa amebeba mfukoni maktaba ambayo mabingwa wa zamani walihitaji makabati kuihifadhi.

Uzito tuliotaja ndio unaoleta taabu. Nani anaamua kwamba hatua fulani ipewe uzito mkubwa? Njia rahisi ni kuchukua michezo mingi iliyochezwa, kuhesabu hatua hiyo ilishinda mara ngapi, na kuiacha hesabu iamue. Lakini hesabu hudanganya. Hatua yaweza kuwa imeshinda michezo kumi kwa sababu walioicheza walikuwa mabingwa na waliochezewa walikuwa wanafunzi. Yaweza pia kuwa ilishinda kwa miaka ishirini mpaka siku mtu mmoja alipogundua jibu lake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeicheza tena; hesabu itaendelea kuisifu kama marehemu. Kwa sababu hiyo programu zilizotaka ushindi wa mashindano ziliajiri watu wa kuandika vitabu kwa mkono, na kazi hiyo ikawa taaluma. Jeroen Noomen, aliyeandika vitabu vya Rebel na baadaye vya Rybka, na Alexander Kure aliyeandika vya Fritz, walijulikana katika duru za mashindano hayo karibu sawa na watengenezaji wenyewe.

Faida ya muda, na faida iliyo kubwa kuliko hiyo

Mara nyingi husemwa kwamba kitabu huokoa muda. Ni kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa mchezaji amepewa saa mbili kwa hatua 40, wastani ni dakika tatu kwa hatua. Kitabu kikicheza hatua 15 za mwanzo bila kutumia muda, dakika 120 zitagawiwa hatua 25 zilizobaki, nazo ni karibu dakika 4.8 kwa kila moja: ongezeko la asilimia 60. Hata hivyo tusilikuze jambo hili. Kwa mbinu za kutafuta za zama hizo, kuongeza kina kwa hatua moja tu ya upande mmoja kulihitaji muda mara tano au sita zaidi. Asilimia 60 haikununua hata hatua moja. Mbinu za kupogoa zilizokuja baadaye zimepunguza uwiano huo, lakini bado muda peke yake hautoshi kueleza kwa nini vitabu viliamua mashindano.

Maelezo yako kwingine. Mwandishi wa kitabu huchagua nchi ambayo vita vitapiganwa. Akijua kwamba programu yake ni hodari katika mapambano ya wazi lakini haielewi hali zilizofungamana, ambamo askari wa pande zote mbili wamezibana njia na mpango wa muda mrefu ndio unaohitajika, ataandika kitabu kinachokwepa hali hizo. Akijua kwamba programu ya mpinzani ina udhaifu fulani, atakielekeza kitabu huko. Kinyume chake pia ni kweli, na hapa ndipo tunapoona wazi kwamba kitabu na programu ni watu wawili tofauti waliovaa kanzu moja. Kitabu kilichonakiliwa kutoka kwa mabingwa huenda kikatoa askari sadaka kwa ajili ya nafasi na kasi. Kinapokwisha, programu huamka kama mtu aliyelala garini akajikuta katika mji asioujua. Inaitazama hali, inahesabu kete, inajiona imepungukiwa askari mmoja, na kwa kuwa tathmini yake haioni ile nafasi wala ile kasi, inaanza kuhangaika kumrudisha askari huyo, na kuharibu kile ambacho sadaka ilikuwa imekinunua.

New York, Mei 1997

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa mashine dhidi ya binadamu, nao ni pambano la Garry Kasparov na Deep Blue ya kampuni ya IBM. Mwaka 1996, huko Philadelphia, Kasparov alishinda kwa 4 dhidi ya 2. Mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 3 hadi 11 Mei 1997, walirudiana New York. Deep Blue iliweza kuchunguza hali za ubao zipatazo milioni 200 kwa sekunde, na namba hiyo ndiyo iliyoandikwa na magazeti. Yaliyoandikwa kidogo ni kwamba ilikuwa na kitabu cha hali zipatazo 4,000 kilichotayarishwa kwa mkono na mabingwa, akiwemo Joel Benjamin, na nyuma ya kitabu hicho muhtasari uliotokana na michezo 700,000 ya mabingwa, wa kuisaidia kuchagua pale kitabu kilipokoma.

Kasparov alilijua hilo, na mbinu yake ilikuwa kukikwepa kitabu. Katika mchezo wa tatu alianza kwa kumsogeza askari wa mbele ya malkia mraba mmoja tu, hatua ambayo mabingwa hawaichezi wao kwa wao. Alitaka mashine ifikiri yenyewe tangu mwanzo. Kwa maoni yetu mbinu hiyo ilikuwa sahihi kwa hoja na ghali kwa matokeo: Kasparov alikuwa mtayarishaji mkubwa wa ufunguzi kuliko wote wa zama zake, na kwa kuikimbia nyumba ya mashine aliiacha na yake pia. Michezo ya tatu, ya nne na ya tano ilikwisha sare.

Mchezo wa sita ulifika pande zote zikiwa sawa. Kasparov, mwenye kete nyeusi, alichagua ufunguzi wa Caro-Kann, ambao haukuwa silaha yake ya kawaida, na kwenye hatua ya saba akamsogeza askari wa pembeni ili amfukuze farasi mweupe. Farasi hakurudi nyuma. Alimla askari aliye karibu na mfalme, akajitoa sadaka, na mfalme mweusi akabaki katikati ya ubao bila ngome. Programu za wakati huo hazikuwa na tabia ya kutoa farasi kwa faida isiyohesabika, na yaelekea Kasparov alitegemea hilo. Lakini hatua ile haikutokana na hesabu ya mashine, ilikuwamo kitabuni. Miguel Illescas, mmoja wa mabingwa walioisaidia IBM, alisimulia mwaka 2009 kwamba asubuhi ya siku ileile walikuwa wameiagiza mashine: askari huyo akisogezwa, farasi ale bila kutafakari. Kasparov alisalimu amri baada ya hatua ya 19, na pambano likaisha kwa 3.5 dhidi ya 2.5.

Hatusemi kwamba Deep Blue haikustahili. Baada ya farasi kujitoa, mashine ilicheza yenyewe na ilicheza vizuri. Tunachosema ni kwamba mchezo ambao ulimwengu uliusoma kama ushindi wa mashine juu ya akili ya binadamu uliamuliwa, katika hatua yake muhimu, na binadamu waliokaa mezani asubuhi.

Mistari ya kuua

Katika mashindano ya programu kwa programu hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mpinzani alikuwa anauzwa dukani. Binadamu hubadilika, programu iliyotiwa katika sanduku na kuuzwa haibadiliki. Mtayarishaji angeweza kuinunua programu ya mpinzani, kuichezesha usiku kucha dhidi ya yake kwa kuunganisha kompyuta mbili, na kutafuta mstari ambao mpinzani hufuata kitabu chake mpaka akaanguka shimoni. Mstari huo ukipatikana huandikwa kitabuni, na tangu hapo ushindi ni wa hakika kila inapokutana nayo. Wenyewe waliiita mistari ya kuua.

Fikiria maana yake kwa wapimaji. Kundi la Wasweden, SSDF, ambalo tangu mwaka 1984 limekuwa likichezesha programu maelfu ya michezo na kutoa orodha ya viwango, lilijikuta na michezo inayojirudia neno kwa neno. Mchezo mmoja ukichezwa mara tano ni ushahidi mmoja ulioandikwa mara tano. Mwanafunzi yeyote wa takwimu anajua hivyo, lakini orodha huhesabu pointi tano.

Dawa ya kwanza iliyobuniwa ilikuwa kuifundisha programu kukitilia shaka kitabu chake yenyewe. Robert Hyatt, mtengenezaji wa Crafty, alieleza mwaka 1999 utaratibu ambao kwa huo programu huiangalia tathmini yake katika hatua kumi za kwanza baada ya kutoka kitabuni. Ikiona hali yake inashuka, huupunguzia mstari ule uzito hata kabla ya kujua nani alishinda. Ikiona inapanda, huuongezea. Ni utaratibu wa busara, maana hausubiri matokeo ya mwisho ambayo yaweza kuharibiwa na kosa la hatua ya 50. Tazama, hata hivyo, kilichotokea: mashindano yaliyodaiwa kupima kutafuta na kutathmini yamegeuka kuwa mashindano ya kujifunza mistari.

Kuzinyang'anya vitabu

Dawa ya pili ni kali zaidi. Bingwa wa Uingereza John Nunn alichagua hali kumi za ubao, zote za mwanzoni mwa mchezo na zenye uwiano wa kutosha, ili programu zichezeshwe kutoka hapo bila vitabu. Kila hali huchezwa mara mbili, programu zikibadilishana rangi. Kama hali yenyewe inaupendelea upande mmoja, kila programu itapata upendeleo huo mara moja. Tofauti inayobaki ni ya programu.

Fikra hii si ngeni kwa michezo. Wachezaji wa drafti huko Uingereza na Marekani, walipoona kwamba mabingwa wao wamehifadhi ufunguzi mpaka michezo yote inakwisha sare, waliamua hatua tatu za mwanzo zichaguliwe kwa kura kutoka kwenye kadi. Bobby Fischer naye mwaka 1996, huko Buenos Aires, alitangaza sataranji ambamo kete za mstari wa nyuma hupangwa kwa bahati nasibu kabla ya mchezo, ili kazi ya miaka ya kuhifadhi isifae kitu. Mashindano ya TCEC, yaliyoanza mwaka 2010 na ambayo leo hukutanisha programu zenye nguvu kuliko zote, hayaruhusu vitabu vya programu. Ufunguzi huwekwa na waandaaji, na kila mmoja huchezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi. Jambo la kuchekesha ni kwamba Noomen, yule mwandishi wa mistari ya kutisha, ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua ufunguzi huo. Huchagua kwa makusudi hali zisizo na uwiano kamili, kwa sababu programu za sasa zikiachiwa hali iliyo sawa hutoka sare mno.

Je, programu bila kitabu ni sawa na mtu asiyesoma? Mwaka 2017 jibu lilipatikana. AlphaZero ya kampuni ya DeepMind ilipewa kanuni za mchezo tu, ikacheza dhidi ya nafsi yake, na katika mafunzo hayo ikaugundua yenyewe ufunguzi mwingi ambao binadamu aliufikia kwa karne nyingi. Ilipotangazwa kwamba imeishinda Stockfish michezo 28 na kutoka sare 72 bila kushindwa, wakosoaji walilalamika, pamoja na mengine, kwamba Stockfish ilinyimwa kitabu chake. Lalamiko lilikuwa na uzito kiasi kwamba matokeo yaliyochapishwa Desemba 2018 yaliongezewa michezo iliyoanzia katika hali za TCEC na michezo ambayo Stockfish iliruhusiwa kitabu. AlphaZero ilishinda huko pia.

Suala hili halihusu mashine peke yake. Phiona Mutesi, aliyefundishwa sataranji na Robert Katende katika mtaa wa Katwe mjini Kampala, aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk mwaka 2010. Alikutana na wachezaji waliolelewa katika nchi zenye makocha, maktaba na hifadhi za michezo. Matokeo ya meza kama hiyo yanapima kipaji pamoja na maktaba, wala hakuna Nunn wa kuwabadilishia wachezaji rangi ya maisha yao. Watengenezaji wa programu walidai usawa huo kwa ajili ya mashine zao mapema kuliko ulivyodaiwa kwa ajili ya watoto.

Namua

Sasa turudi kwenye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika mistari minne na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuumeni kwa nyumba. Kete 22 zinabaki mkononi. Katika namua, kila zamu mchezaji hutia ubaoni kete moja ya mkononi. Zikiisha, mchezo unaingia katika mtaji. Hii ndiyo sababu hatukuiazima namua kwa maana ya ufunguzi: ufunguzi wa sataranji hauna mpaka, ni desturi tu ya wasomaji kusema umeishia hapa, lakini namua imewekewa mpaka na kanuni yenyewe, na ni ndefu, zamu 22 kwa kila upande ikiwa hakuna aliyeshindwa kabla.

Je, programu ya bao ingefaidika na kitabu? Mwanzoni kabisa njia ni chache. Kwa kuwa nyumba mbili hazitazamani, na kete za kila mmoja zinatazama mashimo matupu ya mwenziwe, mchezaji wa kwanza hawezi kula. Hana budi kutakata. Lakini baada ya hapo kete hukimbia. Zamu moja yaweza kusambaza kete, kula, kusambaza tena na kuzunguka, hata mashimo mengi yakabadilika kwa pamoja. Katika sataranji hatua mbili zikibadilishana zamu, mara nyingi mnafika palepale. Katika bao tofauti ya kete moja kwenye zamu ya tatu huzaa ubao mwingine kabisa kwenye zamu ya sita. Kwa hiyo kitabu cha bao kingepaswa kuwa kinene sana ili kifae hata kidogo. Tunaelekea kuamini kwamba bingwa wa bao anategemea kukokotoa kuliko kukumbuka, na kwamba kwa sababu hiyo bao ni kipimo kizuri zaidi cha programu kuliko sataranji.

Tusiifanye kuwa kanuni ya michezo yote ya mashimo, kwani Jeroen Donkers, Alexander de Voogt na Jos Uiterwijk walichapisha mwaka 2000 uchunguzi juu ya dakon, mchezo wa jamii hiyo unaochezwa Asia, ambamo mchezaji akimaliza kete katika ghala yake huendelea kucheza. Walionyesha kwamba anayeanza anaweza kushinda katika zamu yake ya kwanza, mpinzani asiguse kete. Wachezaji wa visiwa vya Maldivi walikuwa wamekwisha kuugundua na kuuhifadhi ufunguzi wa namna hiyo bila kompyuta. Mashine ilikuja baadaye na kuonyesha njia nyingine nyingi. Mchezo wa awari nao ulikamilishwa na John Romein na Henri Bal huko Amsterdam mwaka 2002: walizihesabu hali 889,063,398,406 na kuthibitisha kwamba wachezaji wasiokosea hutoka sare. Awari sasa ni kitabu kitupu, toka hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Bao halijafikia huko. Donkers na Uiterwijk, walipoandika mwaka 2002 juu ya kuitengenezea bao programu, iliwabidi kushughulika kwanza na zamu ambazo kinadharia hazina mwisho, kete zikizunguka bila kukoma.

Anayetaka kukiandika kitabu cha namua anakutana na upungufu ambao mwenzake wa sataranji hajawahi kuujua: michezo haikuandikwa. Deep Blue ilikuwa na michezo 700,000 ya kujifunzia kwa sababu wachezaji wa sataranji wameandika hatua zao kwa karne nyingi. Mabingwa wa Zanzibar, ambao de Voogt alichunguza ustadi wao katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995, walicheza maisha yao yote bila daftari. Programu yaweza kujichezea yenyewe, kama AlphaZero, na kutuandikia namua yake; lakini hiyo itakuwa namua ya mashine. Ya wazee itapatikana kwa kwenda kukaa nao, na kazi hiyo ni ya idara za Kiswahili kabla ya kuwa ya wahandisi, maana pamoja na hatua kuna maneno: kutakata, kichwa, kimbi, kulala, safari, na mengine ambayo kamusi zetu huyapitia kwa mstari mmoja. Kongo nayo ina michezo ya jamii hiyo, kama kisolo cha Waluba, na istilahi zake katika Kiswahili cha Maniema zinastahili kukusanywa kando ya zile za pwani.

Mwanafunzi wetu wa Salamabila hahitaji mtandao kwa ajili hiyo. Akipata wazee wawili wanaocheza bao la Kiswahili, anahitaji daftari, namna ya kuyapa mashimo 32 namba, na uvumilivu wa kuandika kwa kila zamu shimo lililoanzwa, mkono ulioelekezwa, na kama nyumba ililala au ilisafiri. Namua nzima, tangu ubao wenye kete ishirini hadi mikono itakapokuwa mitupu, haizidi mistari 44.